Jina Juu ya Kichupa

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana sindano zilikuwapo na foleni pia, msichana aitwaye Hosiana alikuwa akijifunza kazi ya kuchukua damu za wagonjwa. Zilimbakia siku tatu apate cheti. Miguu ilimvimba, usingizi aliusahau.

Mkufunzi wake, Sista Elineema, alimsisitizia jambo moja: "Usimtajie mgonjwa jina. Muulize, alitaje mwenyewe."

Siku hiyo Hosiana alikwisha kuchoma mikono arobaini. Akatumwa kwa Mzee Mbonea, aliyehitaji kuongezewa damu, akachukue ya kupima kundi lake. Akafika kitandani, akainama, akauliza, "Wewe ndiye Mzee Mbonea?"

"Ndiyo," akajibu mzee.

Akavuta damu, akaandika jina kwenye kichupa. Sista alipaswa kuja kuhakiki. Hakuja, alitia saini akiwa amekaa mezani.

Kumbe yule alikuwa Mzee Kajiru, wa kitanda cha jirani! Mzee Mbonea wa watu akatundikiwa damu ya kundi lisilo lake. Akatetemeka, akahema, akaponea chupuchupu.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, akawaita Hosiana, Sista na Mzee Kajiru. "Watoto wa Mbonea wako mlangoni. Wanataka jina la mwenye kosa, nami nitawapa moja tu."

Sista akasema, "Nilimfundisha vizuri. Miaka thelathini nimesimama, siku hiyo nikakaa dakika kumi. Nastaafu mwezi ujao, daktari, usinifukuze sasa."

Mzee Kajiru akasema, "Siku mbili nimelala pale sijaguswa. Nikaona sindano, nikaogopa itanipita. Ningeitikia hata jina la mbuzi. Lakini hao vijana ni wa kijijini kwangu, nitaishi nao vipi?"

Hosiana akasema, "Nilijua namna ya kuuliza, ila akili ilishachoka. Na mimi nani aliniuliza kama nimekula? Mkiniandika mimi, cheti sipati tena, hapa wala kwingine."

Mganga akamsogezea karatasi. "Wewe ndiye uliyeshika sindano. Andika jina moja."

Hosiana akamtazama sista, akamtazama mzee. Aliwahurumia, akajihurumia na yeye. Alichoka hata akatamani kuandika jina lolote, mradi akalale.

Haya, ninyi mnaonisikiliza mmekaa, miguu haiwaumi: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?