Mipopla ya Mzee Anselme

Anayeuziba mnara wa jirani hujizibia saa. Mmeambiwa hivyo na matroni asubuhi ya leo, alipolikuta blanketi mlilolitundika dirishani ili msilione bweni la pili na televisheni yao mpya, mkakosa kuiona na foleni ya uji. Sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Kaeni. Mimi ndiye mzee wa bweni hili. Nina miaka kumi na saba na nimeona mengi. Ilizaliwa hivi.

Huko Ufaransa, mbali na miji, kulikuwa na kata ya wakulima iliyoitwa Montvésac. Bondeni, kando ya mto, palikuwa na Kitongoji cha Chini, chenye daraja la mawe, kanisa kuukuu, na mnara mrefu kuliko hata kiburi cha watu wake. Mlimani palikuwa na Kitongoji cha Juu, chenye mbuzi, upepo, na kikanisa kidogo kilichochorwa ukutani watakatifu kumi na wawili, mmoja wao hana pua.

Kengele ya mnara ilikuwa imepasuka zamani, lakini saa yake kubwa ilielekea mlimani. Watu wa Juu hawakuwa na saa nyingine. Walikamua mbuzi kwa saa ile, wakaoka mikate kwa saa ile, hata kuzikana walizikana kwa saa ile, ingawa hakuna aliyewahi kuwashukuru watu wa Chini.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mzee Anselme, mtengeneza jibini na mshika ufunguo wa kikanisa. Wageni walipokuja waliupiga picha mnara, wakala samaki wa mtoni, wakaondoka bila kupanda mlima. Kila asubuhi Anselme alifungua dirisha akaukuta umesimama palepale, kama jirani aliyevaa suti mpya kuja kuazima chumvi. Kahawa ikamwia chungu. Mwishowe akapanda, ukingoni mwa kitongoji upande wa bonde, mstari wa mipopla kumi na miwili, miti myembamba inayorefuka upesi, akainywesha kwa ndoo miaka minane. Mkewe, Bibi Hortense, alisema subira kama ile hakuwahi kuiona katika ndoa yao.

Mwaka wa tisa mnara ukatoweka. Anselme akanenepa. Watu wa Juu wakawa wanakisia saa kwa jua, wakaapa kwamba jua ndilo bora.

Kisha ikaja barua. Mkaguzi wa turathi angefika Jumanne. Angelitazama kanisa la Chini, halafu saa nne kamili angekuwa kwenye kikanisa cha Juu. Jengo ambalo lingeandikishwa lingeletewa mafundi wa paa, na paa la kikanisa lilivuja juu ya watakatifu. Anselme akausugua ufunguo hadi ukang'aa. Paa alilitaka, ndiyo, lakini alichokitaka zaidi ni watu wa Chini waonje uchungu wa kutazama cha mwenzako.

Jumanne ikaamka na mawingu mazito, jua halionekani. Anselme akakadiria kuwa ni saa mbili, akautia ufunguo mfukoni, akaenda kugeuza jibini zake katika pango la mbali, ambako hata angeitwa asingesikia. Aliporudi alimkuta mkaguzi anaingia garini. Alikuwa amengoja nusu saa mlangoni na kula plamu tatu za Bibi Hortense.

"Bwana, bado mapema," Anselme alisema, akimwonyesha ufunguo.

"Ni saa nne na dakika thelathini na tano, mzee. Saa tano natakiwa kata nyingine."

"Huku kwetu hatuna saa."

Mkaguzi akamtazama. "Nimetoka kuikagua sasa hivi. Paroko amenieleza kwamba mababu wa Chini waliielekeza huku makusudi, ili nyinyi wa mlimani msichelewe misa."

Bibi Hortense, aliyekuwa akitoa kokwa za plamu, akamjibia bila kuinua macho.

"Ipo, bwana. Iko nyuma ya miti ya mume wangu. Anayeuziba mnara wa jirani hujizibia saa."

Mwezi uliofuata kibao cha shaba cha turathi kikapigiliwa chini ya ile saa ya mnara. Mlimani, mvua ikamla mtakatifu wa pili pua. Ndipo Anselme akachukua shoka. Kitongoji kizima kikatoka kumtazama, kikidhani amejuta. Yeye akaketi kwanza dirishani, akafumba jicho moja, akapima, kisha akatoka akakata matawi ya mpopla mmoja tu, mahali pamoja tu. Kupitia tundu lile aliiona saa yote. Kibao hakukiona.

Basi litungueni blanketi lenu, mliteremshe. Au chukueni mkasi wangu, kama kuna mwenye kijicho cha kutosha kulitoboa tundu la kuonea foleni peke yake. Lakini uji wa leo umekwisha kunywewa na bweni la pili, mbele ya televisheni. Anayeuziba mnara wa jirani hujizibia saa.