Fundo la Jumapili

Inasimuliwa kwamba katika milima ya Upare, zamani zile Injili ilipokuwa bado ngeni na waumini wa kijiji kizima wakihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, aliishi mja wa Mungu aliyeitwa Elieza. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa ndiva. Ndiva, kwa asiyeijua, ni bwawa la mawe na udongo lililochimbwa na mababu ili likusanye maji ya kijito. Kunapopambazuka huzibuliwa, maji yakashuka kwa mfereji hadi shamba la mwenye zamu. Kila siku ina mwenyewe. Anayekosa zamu yake wakati wa kiangazi, basi tena, maharage yake atayalilia.

Wazee walimpa kazi hiyo japo dini yake hawakuipenda. Mzee Mavura, mkuu wa ndiva, alisema waziwazi, "Hawa watu wa msalaba wana mambo yao, lakini huyu hasemi uongo." Neno hilo lilimfurahisha Elieza kuliko chakula, na lilimfurahisha kupita kiasi. Nayasema haya mapema ili tusije tukamfanya malaika.

Sasa, zamu zilihesabiwa kwa kamba. Mlinzi alikuwa na kamba yake ya mafundo, fundo moja kwa siku moja, imening'inia kwenye nguzo kando ya ndiva. Kila nyumba nayo ilikuwa na kamba yake, yenye mafundo mpaka siku ya zamu yake. Kila asubuhi fundo moja hufunguliwa, na asubuhi linapofunguliwa la mwisho, ndiyo siku yako ya maji. Lakini binadamu ni binadamu. Walikuwepo wajanja waliofungua mawili kwa siku ili wawahi, ndiyo maana sheria ilikuwa kali: ambaye kamba yake imeitangulia kamba ya mlinzi ni mwizi wa maji, na zamu yake itampita mpaka mzunguko mwingine, zaidi ya nusu mwezi mbele.

Ikatokea kiangazi kimoja kibaya. Maharage yalikuwa yanatoa maua, na jua halina huruma. Mzunguko wa zamu ulikuwa unakwisha. Siku ya mwisho ya kila mzunguko haikuwa na mwenyewe. Ndiva ilipumzika, ikajaa, na kesho yake mzunguko mpya ukaanza na Mama Nakijwa, mjane mtu mzima aliyelea wajukuu wawili yatima. Baada yake alifuata Elieza mwenyewe.

Siku hiyo ya mapumziko iliangukia Jumapili. Na wiki ileile mwinjilisti alikuwa amefundisha habari ya kuitakasa siku ya Bwana. Alifundisha vizuri, Mungu amrehemu. Lakini habari ya mafundo hakuitaja hata kidogo. Hiyo Elieza aliiongeza mwenyewe, kwa bidii yake ya mtu mpya. Jumapili ile hakukata kuni, hakuhamisha mbuzi, na aliposimama mbele ya kamba ya ndiva akajiambia kwamba kufungua fundo ni kazi. Akaliacha, akaenda kanisani na moyo mweupe.

Jumatatu akafungua fundo moja kama desturi, na la Jumapili limeshamtoka kabisa akilini. Mara akamwona Mama Nakijwa anapanda na jembe begani.

"Zibua, mwanangu," akasema. "Leo ni yangu."

"Bado, mama. Kamba yangu imebaki na fundo moja, la kesho. Leo ndiva inapumzika."

"Yangu haina fundo, na sijafungua mawili. Hebu yatazame maji, yamefika jiwe la juu. Ndiva ikishajaa hivi, ipumzike nini tena?"

Elieza, badala ya kuyatazama maji, akaitazama kamba.

Ikaitwa baraza palepale. Mzee Mavura akazishika kamba zote mbili, akamgeukia mlinzi. "Unaapa kwa huyo Mungu wako?"

"Sisi hatuapi, mzee. Ndiyo yetu ni ndiyo. Kamba hii hakuigusa mtu ila mimi."

"Basi imekwisha," akasema Mzee Mavura. "Zamu imempita."

Mtu mmoja nyuma akasema neno "mwizi", tena kwa sauti. Mama Nakijwa akalichukua jembe lake. "Nimezeeka kwenye mfereji huu," akasema, "na leo ndipo naitwa mwizi." Akashuka, na hakuna aliyemfuata.

Jumanne zamu ikawa ya Elieza, maana mwenye kutangulia amepitwa. Akaizibua ndiva. Maji yakaja, yakaja! Yakajaza matuta ya juu, yakajaza ya kati, na kufikia adhuhuri yakagusa tuta la chini kabisa, ambalo halikupata kulowa tangu enzi za baba yake. Elieza akasimama kwenye tope na kuimba zaburi. Akamwambia mkewe, Mama Nathani, "Umeona? Nimeiheshimu siku yake, naye ameliheshimu shamba langu."

Mkewe alikuwa akiziba mfereji kwa jembe. Mwanamke yule hakuwa mwepesi wa kuimba kabla hajaelewa. "Baba Nathani," akasema, "maji haya ni ya siku mbili."

"Ni baraka."

"Sawa, ni baraka ya siku mbili. Jumapili ulifungua fundo saa ngapi?"

"Jumapili? Sikuligusa. Ni siku ya…"

Mkewe akaendelea kuziba mfereji. Elieza akayatazama maji yaliyotulia miguuni pake, maji ya mjane, yameshanywewa na shamba lake na hayarudi tena.

Enyi wapenzi, Shetani hakumjia mja huyu na pembe. Alimjia na Biblia mkononi. Alimwambia, "Nyamaza, si kwa ajili yako, bali kwa ajili ya jina la Bwana. Waumini mko wangapi hapa? Ukisema umekosea, watasema Wakristo ni waongo, na hakuna atakayebatizwa tena. Mwombee tu yule mama. Mpelekee kikapu cha maharage, na usimwambie kwa nini." Yalikuwa maneno matamu, na Elieza aliyatafuna mchana kutwa. Lakini kila alipotaka kuyameza, ilimjia amri nyingine aliyofundishwa na mwinjilisti yuleyule: usimshuhudie jirani yako uongo. Aliishika amri moja kwa kamba, akaivunja nyingine kwa kamba ileile.

Jua lilipoanza kupoa akaenda kwa Mama Nakijwa. Alimkuta shambani aking'oa maharage yaliyonyauka ili awape mbuzi. Akamweleza yote, hakupunguza. Akasema, "Mama, nimekukosea, nisamehe."

Mama Nakijwa hakuacha kung'oa. "Umeniambia mimi," akasema. "Mimi nilikuwa najua. Niliitwa mwizi hapa?"

"Hapana, mama. Uliitwa kule ndivani."

"Haya. Njia unaijua."

Jumatano kulipopambazuka, wanaume wakiwa wamekusanyika kuzibua, Elieza akaitungua kamba kwenye nguzo na kumpa Mzee Mavura. Akasema, "Mama Nakijwa hakuiba. Kamba yake ilikuwa kweli, yangu ndiyo iliyosema uongo. Jumapili sikufungua fundo, nikasahau, nikamshuhudia uongo mbele yenu, na maji yake yakanywewa na shamba langu."

Kikazuka kicheko. "Kumbe ndiyo yenu siyo ndiyo!" mmoja akapiga kelele. Elieza akasimama palepale mbele yao, maana alistahili kuchekwa.

Hukumu ilikuwa fupi. Ulinzi akavuliwa, na zamu yake ijayo ikawa ya mjane. Lakini zamu ijayo ilikuwa mbali, na maharage hayajui hukumu. Basi kuanzia siku hiyo Elieza na Mama Nathani wakawa wanateremka mtoni kila asubuhi na kila jioni, wakijaza vibuyu na kupanda navyo kilima kile cha kuvunja magoti, na kumwagia maharage ya Mama Nakijwa shina kwa shina. Watu waliwacheka njiani. "Wakristo sasa wamegeuka mfereji!" Siku ya tatu Mama Nakijwa akaanza kuwawekea uji kivulini. Walimwagia mpaka zamu ilipofika. Yaliyopona ni kama nusu ya shamba. Ya Elieza, yaliyoshiba siku ile moja kisha yakakosa zamu, yalifunga maganda membamba, na mwaka ule nyumba yake ilikula magimbi mpaka wakayachoka.

Baada ya mavuno baraza likakaa kumchagua mlinzi. Majina yakatajwa, kila moja likapata wa kulikataa. Mama Nakijwa, ambaye hakuwa Mkristo, akaomba kusema, na kwa kuwa walikuwa na deni la aibu kwake, wakamruhusu.

"Mrudishieni Elieza kamba," akasema.

"Huyu aliyekudhulumu?" akauliza Mzee Mavura.

"Huyuhuyu. Ndiva hii imekuwa na walinzi tangu sijazaliwa. Niambieni, wote hao hawakukosea hata mara moja? Mbona hatujawahi kusikia?"

Wazee wakatazamana. Baadhi yao waliwahi kuwa walinzi, na ghafla kila mmoja akapata kitu cha kutazama chini. Mzee Mavura akaichukua kamba na kumkabidhi Elieza bila hotuba.

Jumapili iliyofuata, kabla kengele ya kanisa haijalia, walimwona mja yule akipanda ndivani. Akafungua fundo la siku ile, akalitazama mara mbili kuhakikisha, kisha akanawa mikono na kwenda kusali.

Ndugu mpendwa, jina la Bwana halihitaji uongo wetu ili lisimame. Sisi hupenda kumheshimu Mungu kwa mambo tunayoyachagua wenyewe, halafu tukampita jirani aliyesimama na jembe begani akisema, "Hebu yatazame maji." Kabla hujaenda kusali, tazama kama hujaacha fundo la mwenzako limefungwa.