Siku Bibi Mashavu Alipoanza Kukosea

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Huo ni mwitikio wa watu waliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona mmekula.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kidogo, kidogo hasa, ukipiga chafya mwanzo wake unaombewa afya mwisho wake. Hapo aliishi mwanamke mtu mzima, jina lake Bibi Mashavu. Na mashavu kweli alikuwa nayo! Kichwani mwake mlikaa habari zote za kijiji. Nani alikuja kwanza. Nani alioa wapi. Nani aligombana na nani, na wakapatana kwa mbuzi gani. Mtu akitaka kujua jambo, jibu lilikuwa hilo hilo: "Kamuulize Bibi Mashavu."

Kila mwaka, kabla ya mvua, kijiji kizima kilitoka kusafisha kisima. Watu walijipanga mstari, vibuyu vya tope vikapita mkono kwa mkono. Pokea! Pitisha! Chubwi! Pokea! Pitisha! Chubwi! Na Bibi Mashavu alikaa juu ya kigoda chake, akasimulia habari za kijiji tangu mwanzo. Ilikuwa mwiko kumkatiza. Hata kikohozi, ukohoe kwa adabu. Basi watu walinyamaza, wakatikisa vichwa. Ndiyo, ndiyo. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Wengine walisinzia wamesimama, kibuyu mkononi.

Bibi Mashavu alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, jina lake Siwema. Siwema alizaliwa kijijini hapo hapo, na kwao alijulikana kwa domo. Lakini mbele ya mama mkwe? Abee, mama. Sawa, mama. Ndiyo, mama. Hakuwa na neno la nne.

Mwaka mmoja Bibi Mashavu akashikwa na homa kali. Siwema akamuuguza. Na siku hizo hizo wakaja wageni kuposa binti wa pale. Wazee wakauliza, kama ilivyo desturi: "Je, koo zetu hizi mbili si ndugu?" Maana ndugu hawaoani. Wakatazamana. Hakuna ajuaye. "Kamuulizeni Bibi Mashavu!" Wakaenda mbio. Wakamkuta anaweweseka, anafukuza kuku wasiokuwepo. Shii! Shii! Wageni wakaondoka na posa yao. Yule binti akalia mpaka macho yakavimba.

Siwema aliyaona yote hayo. Akasema peke yake, "Ole wetu! Huyu mama akifa, tutazika kijiji kizima pamoja naye. Hatutajua hata sisi ni nani."

Mungu akajalia, Bibi akapona. Akaulizwa ile habari ya udugu. "Udugu? Udugu wapi! Waoane!" Posa ikarudi, vigelegele vikapigwa, watu wakala ubwabwa, wakasahau. Siwema hakusahau. Akajikaza, akapiga magoti.

"Mama, niwie radhi. Nina hofu. Ukituacha, haya yote atayajua nani?"

"Miaka yote nasimulia, mwanangu. Wananisikiliza?"

"Wananyamaza, mama."

"Sikukuuliza kama wananyamaza."

Siwema akainamisha kichwa. Bibi Mashavu akakuna shavu. Akakuna la pili. Kisha akacheka peke yake, hi hi hi, akaenda kulisha kuku wake.

Siku ya kisima ikafika. Pokea! Pitisha! Chubwi! Bibi akakohoa, akaanza: "Kijiji hiki kilianzishwa na Mzee Kingaru. Kingaru alikuwa mtu mfupi, mwoga. Alikuja huku akimkimbia mkewe."

Vibuyu vikasimama. Siwema akajisemea: Maskini, homa imemla akili! Watu wakatazamana, lakini mwiko ni mwiko. Sasa pale mstarini alikuwepo Dosa, mjukuu wa huyo Kingaru, jitu la miraba minne. Akameza mate. Akameza tena. Akashindwa.

"Mwongo! Samahani, Bibi, lakini mwongo! Babu yetu hakumkimbia mwanamke! Alikimbia njaa, na mkewe alikuja naye kamshika mkono!"

"Kumbe!" akasema Bibi. "Asante, baba. Basi wakajenga nyumba ya kwanza kule mlimani."

"Bondeni!" wakadakia wanawake. "Mlimani kulikuwa na chui!"

"Chui huyo akala mbwa."

"Mbuzi!"

"Mbwa na mbuzi!"

"Wewe ulikuwepo?"

"Bibi yangu alikuwepo!"

Lo! Kelele hizo! Waliokuwa wakisinzia macho kodo. Kibuyu kikarushwa bila kuangalia, chubwi! juu ya kichwa cha Dosa, na Dosa hana habari, anabishana. Siwema akamtupia macho mama mkwe wake. Yale mashavu yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka! Hakuwa na wazimu hata kidogo. Siwema akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga.

Bibi akaendelea: "Na kisima hiki kiligunduliwa na wanaume, walipokuwa wakiwinda."

Hapo watu wote wakatikisa vichwa. Ndiyo, wanaume.  Lakini Siwema alijua sivyo.  Amkosoe mama mkwe mbele ya kadamnasi? Akajiambia, ananisubiri mimi. Akafumba macho, akasema:

"Si kweli, mama."

Vibuyu vikasimama tena.

"Kisima alikigundua msichana, Nyamvula. Mbuzi wake alipotea wakati wa kiangazi, akarudi na ndevu mbichi, zinatona maji. Kesho yake Nyamvula akamfuata nyuma mpaka hapa."

Bibi akainuka kigodani. "Nani kakwambia?"

"Bibi yangu mzaa mama. Tukitwanga mtama."

Bikizee mmoja akapaza sauti toka nyuma: "Hata mimi nilisikia hivyo hivyo, kinuni. Hakuna aliyewahi kuniuliza!"

Bibi Mashavu akajishika kichwa. "Jamani, nisikilizeni! Yote niliyokosea leo, nimekosea makusudi. Hili moja sikukusudia. Hili nilikuwa silijui! Uzee wote huu nasimulia wanaume na mishale yao, kumbe ni Nyamvula na mbuzi!" Akacheka, akalia, akacheka tena. Akamshika Siwema mkono, akamkalisha kigodani. "Simulia, mwanangu. Nami nisikie." Naye akaingia mstarini, tope magotini. Pokea! Pitisha! Chubwi!

Tangu siku hiyo mwiko ukageuzwa. Kila mwaka mtu mmoja hukaa kigodani akakosea kwa makusudi, na wengine wote humrekebisha. Mwiko sasa ni kunyamaza. Na Bibi Mashavu alipofariki, walimlilia sana, kisha wakaenda kisimani wakambishania yeye mwenyewe mpaka sauti zikakauka. Hakuna hata mmoja aliyesinzia.

Basi wanangu, habari za kwenu msimtwike mtu mmoja. Aliye na kipande chake akitoe, angali hai yeye na wa kumsikiliza.

Hadithi yangu naitua hapa. Haya, semeni: ni wapi nimekosea?