Pimbi Alivyomsindikiza Moshi

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa yenu imelala chali. Iamsheni. Paukwa!

Pakawa!

Naam, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, kale ile ambayo mawe yenyewe yalikuwa bado laini, juu kabisa ya mlima wa ukungu, walikaa Pimbi na mama yake. Mlima ule ulikuwa na baridi, jamani! Baridi ya kumfanya kobe ajifungie ndani na kukataa wageni. Asubuhi ukungu unapanda. Adhuhuri ukungu umekaa. Jioni ukungu unashuka kwenda kulala, na ndoto zake zinabaki zikining'inia kwenye matawi.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, ya udongo. Mlango mmoja wa mbao. Dirisha hakuna. Katikati, mafiga matatu. Juu ya mafiga, chungu. Chini ya chungu, moto. Na juu ya vyote, moshi. Moshi darini, moshi kitandani, moshi hadi ndani ya uji.

"Koho! Koho!" alikohoa Mama Pimbi. Alikuwa mzee, ametafuna majani mpaka meno yameomba ruhusa.

Sasa, pimbi wana desturi yao. Mgeni kwao hafukuzwi. Mgeni husindikizwa. Basi Pimbi akafungua mlango, akainama, akasema kwa adabu, "Haya, Bwana Moshi. Tumeonana, tumefurahi. Twende nikusindikize."

Bwana Moshi akatambaa mpaka kizingitini. Akachungulia nje. Akaona baridi. Akarudi ndani, akakaa, tuu!

Juu ya mti, Kima jirani akacheka mpaka majani yakapukutika.

"Jirani! Mgeni wako huyo amekuja na mkeka wake!"

"Badala ya kucheka, shuka unisaidie."

"Mgeni king'ang'anizi dawa yake fimbo!"

Kima akashuka na fimbo. Pa! Moshi ukagawanyika. Pa! Ukaungana. Pa! Hicho kilikuwa chungu. Uji wote chini. Kima akaondoka haraka, wala hakungoja kusindikizwa.

Siku hiyo Mama Pimbi akamshika binti yake mkono. "Mwanangu, kifua... koho!... kifua kimejaa. Moto ukiwaka, moshi utaniua. Moto ukizimwa, baridi itaniua. Nichagulie."

"Mama, sichagui."

"Basi harakisha huko kutochagua. Koho! Muda wenyewe umebaki kidogo."

Pimbi akatoka. Akatembea ndani ya ukungu kama mtu atembeaye ndani ya usingizi wa mwenzake. Hajui aendako. Hajui atokako. Akachoka. Akapanda kilima kidogo, akaketi kileleni.

Alaa! Makalio yakapata joto.

Akaruka. Akatazama. Kumbe ni kichuguu, na kileleni kina tundu. Na kutoka tunduni, taratibu, taratibu, pumzi ya joto ilikuwa ikipanda. Nyeupe. Laini. Inajinyoosha, inapinda shingo, inapotelea mawinguni kana kwamba huko ndiko kwao. Pimbi akaitazama mpaka akasahau kupepesa macho. Kila pumzi ilipopanda, alihisi kama kifua cha mama yake kinafunguka kidogo.

"Nani huyo... aliyetuziba pua?" ikauliza sauti nyembamba.

Alikuwa Bi Mchwa, fundi wa kichuguu. Fundi hodari, ila maneno yake yalitembea kama yeye mwenyewe: moja, apumzike, jingine.

"Shikamoo, Bi Mchwa. Ni mimi, Pimbi. Hii pumzi mnaitoaje?"

"Marahaba. Hatuitoi... inajitoa. Humu ndani tuko wengi... tuna joto. Hewa ya joto ni nyepesi... haijui mlango... inajua juu tu. Basi tumeijengea njia ya juu. Na njia ikiwa ndefu... hewa huvutwa kwa nguvu zaidi."

"Na moshi je?"

"Moshi hupanda... na hewa ya moto. Hiyo njia yake huitwa dohani. Lakini sikiliza, mwenzangu... na chini lazima..."

Pimbi hayupo! Puku puku puku, ameshafika nusu ya mlima.

"...na chini..." Bi Mchwa akauambia ukungu. Akashusha pumzi. Lakini mchwa ni watu wa kumaliza kazi. Akaita ndugu zake mia sita, wakaanza safari ya kupeleka maneno yaliyobaki. Na mchwa, mnajua, hatembei wazi. Hujijengea njia ya udongo, imfunike. Tone la udongo, hatua. Tone la udongo, hatua.

Siku tatu Pimbi alijenga. Akatoboa paa juu ya mafiga. Akapanga mawe, akakandika udongo. Akapanga, akakandika, mpaka dohani ikatokeza juu ya nyasi za paa.

"Jirani!" akapiga kelele Kima. "Nyumba imeota shingo! Kesho itaanza kula majani yangu?"

"We cheka tu."

Siku ya tatu, alasiri, akawasha moto. Kisha, kwa kumhurumia mama yake kwa baridi ile, akafunga mlango. Ufa wa chini akauziba kwa matambara. Nyufa za ukutani akaziba. Hata upepo wa kumtikisa mbu haukupata pa kupita.

Moshi ukapanda. Ukaingia ndani ya dohani. Ukafika nusu. Ukasimama. Ukafikiri. Ukarudi! Shwaaa! Nyumba nzima ikawa nyeusi.

"Koho... koho..." Kisha Mama Pimbi akanyamaza.

Pimbi akapapasa. Mlango hauoni. Mkono wake mwenyewe hauoni. "Mama! Kohoa! Nakuomba, mama, kohoa!"

Kimya.

Kru.

Kru kru.

Kru kru kru kru! Chini ya mlango, ubao unaliwa!

Hewa ya baridi ikaingia, fyuuu! Ikapita sakafuni, ikajipenyeza chini ya moto, ikausukuma moshi mgongoni. Moshi ukaishika njia yake, vuuum, juu! Na juu kule, nani alikuwa amechungulia dohani apate cha kucheka? Kima! Masizi yote usoni, pwaa! Mpaka leo hayajatoka.

"...na chini lazima... uache tundu la kuingiza hewa," akamalizia Bi Mchwa, vumbi la mbao mdomoni. "Hewa haitoki... kama nyingine haiingii. Ningekwambia juzi... ila ulikuwa na haraka."

Sikio la Pimbi lilikuwa kifuani mwa mama yake. Akasikiliza. Pumzi ikaingia, taratibu. Pumzi ikatoka, taratibu. Mama Pimbi akafumbua macho. Akautazama moshi ukienda zake, mwembamba, wa buluu, kama uzi unaovutwa na mtu aliyeketi mawinguni.

"Mwanangu," akasema, na wala hakukohoa, "mlango wangu nani ameula?"

Basi, wakubwa kwa wadogo: anayekufundisha jambo, mwache amalize. Nusu ya maarifa hujaza nyumba moshi. Hadithi yangu imeishia hapo, nimewapa nzima. Aliyetaka kukimbia katikati, sasa ruhusa.