Mlinzi Asiyepiga Hodi

Yuko mtu atakayekufukuza nyumbani kwake bila kupaza sauti wala kushika fimbo. Atakupokea kwa tabasamu pana, atakupa kiti kizuri, na ukiinuka kuaga atahesabu vijiko mbele ya macho yako. Vijiko vitatimia, naye atafurahi. Wewe hutarudi. Baadaye atashangaa kwa nini ukumbi wake umekuwa mtupu, na atawalaumu majirani. Mjini Butembo, mtu wa namna hiyo aliitwa Lusenge.

Ilikuwa miaka ile ya vita, nchi ilipokatwa vipande kama mbuzi wa arusi, kila paja na mwenyewe, kila mwenyewe na askari wake. Aliyekuwa na ndugu Kisangani alimwona ndotoni tu. Barua zilipotea njiani, na hata zilizofika hazikuwa na sauti. Ndipo ikazuka desturi: mtu aliyefiwa, au aliyehisi kwamba siku zake zinakwisha, alikwenda mtaa wa Bulengera kwa Victorine Kasika na kusema maneno yake mbele ya kipaza sauti. Victorine alikuwa na kompyuta moja, jenereta moja yenye kikohozi, na kazi ya kuchapia watu nyaraka zao. Sauti hizo alizichoma kwenye diski, na alipopatikana msafiri, zilivuka mstari wa askari zikiwa mfukoni mwake.

Lusenge naye aliuza diski za muziki katikati ya mji. Muziki wake ulikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Ila alikuwa na donda moyoni: sokoni walizinakili nyimbo zake kwenye kaseti na kuziuza kama karanga. Kwa hasira alimlipa fundi mmoja wa Kampala, naye akamfichia mlinzi ndani ya kila diski mpya. Mlinzi huyo alikuwa programu ndogo. Diski ilipoingizwa kwenye kompyuta, aliteremka kimya kimya kama panya wa sakristia, akajibanza pasipoonekana na kuanza kuzuia watu wasinakili. Angezuia nyimbo za Lusenge peke yake, tungenyamaza. Alizuia kila kitu.

Victorine aliinunua diski hiyo dukani, halisi, yenye picha na muhuri, kwa kuwa padri alikuwa amehubiri kwamba nyimbo za wizi ni sawa na nyama ya wizi. Akaiingiza kwenye kompyuta, akaisikiliza asubuhi nzima huku akichapa na kuitikia kiitikio, roho yake nyeupe kama pamba. Walionunua za wizi sokoni waliimba vilevile, na kwao hakuingia mgeni yeyote. Malipo ya uadilifu hayo.

Siku chache baadaye akafika mzee Paulin kutoka Masereka, kofia mkononi. Mkewe Berthe, kabla ya kufa, alikuwa ameacha sauti yake katika kompyuta ya Victorine kwa ajili ya binti yao wa pekee, Gaëlle, aliyekuwa Kisangani na mimba kubwa. Binti hakumzika mama yake. Sasa mtawa mmoja alikuwa amepata nafasi katika ndege ya misaada ambayo ingeondoka mchana ule ule. Nani ajuaye nyingine ingekuja lini?

Victorine akaweka diski tupu, akabonyeza. Kwenye kioo yakatokea maneno ya Kifaransa: kunakili ni marufuku. Akabonyeza tena, diski ikaharibika. Akaweka nyingine, nayo ikafa. Diskete nazo zilikuwa ndogo mno kwa sauti ndefu kama ile. Mzee Paulin aliizungusha kofia yake tu, na Victorine akatamani angemtukana.

Akachukua pikipiki hadi kwa Lusenge. Alipokewa kwa tabasamu, akapewa kiti na soda baridi. Alipoeleza shida yake, Lusenge akatikisa kichwa kama daktari mwenye subira.

“Mais Mama Victorine, hapana kasirika. Ile mulinzi iko kwa ajili ya bezi.”

“Donc mi niko mwizi?”

“Mi sikusema vile.”

“Mwizi anaimba kule soko. Mi nilikulipa, na mulinzi yako iko inalala ndani ya nyumba yangu. Nani alimufungulia mulango?”

Lusenge akasema, bado akitabasamu, kwamba dawa ilikuwepo: aifute kompyuta yote iwe tupu, mlinzi angetoka.

“Na sauti ya marehemu?”

“Ile nayo itatoka,” akasema Lusenge, akamsogezea soda.

Victorine hakuigusa. Njiani kurudi, hasira ikichemka kama sufuria ya maharage, akajiuliza: wezi wa sokoni wao hufanyaje? Hufanya kama wezi. Basi mwanamke aliyekataa nyama ya wizi akaenda kwa kinyozi Vagheni, akaazima redio ya kaseti, akaisogeza mbele ya spika za kompyuta, akawaomba majirani wafunge midomo. Jenereta peke yake ndiyo iliyokataa kunyamaza.

Sauti ya Berthe ikajaa chumbani. Alimwambia bintiye kwamba shamba la chini ni lake, asidanganywe na baba zake wadogo. Alimwambia asimpe mtoto jina la Berthe kabla ya kusikia kwanza anavyolia, maana Berthe mmoja mwenye kelele aliitosha familia. Mzee Paulin akacheka, kisha akauziba uso kwa kofia. Kaseti ikafika kwa mtawa wakati milango ya ndege ikikaribia kufungwa, ikiwa na kikohozi cha jenereta tangu mwanzo hadi mwisho.

Kinyozi hana siri. Kabla ya wiki kwisha, Butembo nzima ilijua kwamba Lusenge alikuwa amemfungia marehemu mdomo. Jumamosi watu wakafurika dukani kwake: wanakwaya, wenye arusi, hata katekista. Kila aliyefika mlangoni aliinua mikono juu na kusema kwa heshima kuu, “Tata Lusenge, tupekue kwanza.” Wakapindua mifuko, wakafungua mikoba, wakamwonyesha vitambaa vyao vya pua. Baada ya hapo wakatoka, mmoja mmoja, bila kununua hata kitu kimoja. Wachuuzi wa Beni wakamrudishia makasha yake. Kule Masereka wakulima wakazitundika diski zake katika mashamba ya ngano, zikameremeta na kufukuza ndege, na kazi hiyo, kusema kweli, ziliiweza.

Mwishowe Lusenge akaja mwenyewe Bulengera. Alikuwa amekonda. Akamkuta Victorine akihamisha sauti za watu wengine kwenye kaseti, ili aweze kuifuta mashine.

“Mama Victorine, unaniua. Duka iko mutupu. Mi nilifukuza nani? Kila mutu nilimupa kiti. Kila mutu nilimuambia karibu.”

Victorine akaisimamisha kaseti.

“Ni kweli, Tata. Hata soda ulinipa.”

Akainama, akaendelea na kazi yake. Lusenge akabaki mlangoni akingoja neno jingine, ambalo halikuja. Wahenga walikwisha kulisema: akufukuzaye hakuambii toka.