Kwa Nini Ndege wa Mawe Hawasimami

Shauri lenyewe liliitwa Shauri Dogo la Hesabu ya Miguu ya Ndege, Kikao cha Kwanza, na lilihusu ndege mmoja wa jiwe. Lakini ili mlielewe, lazima turudi nyuma, kwenye kilima cha mawe ya sabuni katika nchi ya Wagusii, enzi ambazo jiwe lilikuwa na usingizi mwepesi.

Wakati huo mnyama wa jiwe akishachongwa miguu, umande wa alfajiri ulimpanda kupitia nyayo, naye akaamka. Sungura alipiga chafya akaenda zake. Kanga walijikung'uta unga, wakashuka bondeni kwa mstari. Hakuna aliyewahi kuaga. (Nyoka ana shauri lake, tuliache.)

Kisha akatokea ngiri wa miguu mitatu. Mchongaji wake alikuwa na haraka ya kwenda kwenye pombe, na umande haujui kuhesabu. Ngiri yule alichechemea hadi barazani kila asubuhi kulalamika, misimu miwili mfululizo. Wazee wakachoka, wakapitisha amri: kila kilichochongwa kikaguliwe kabla ya jua kutua, na kilichopungua mguu kisagwe kiwe unga. Mzee Mogire akapewa fimbo na cheo cha Mhesabu Miguu.

Mama Kemunto ndiye aliyekuwa mchongaji hodari kuliko wote, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa kimya kuliko zote. Binti yake Kemunto na wadogo zake walikuwa wameolewa mbali. Ogeto, mumewe, alikuwa amefariki. Na kila alichokichonga kilimwacha alfajiri.

Siku moja alikuwa akichonga korongo mwenye kishada cha manyoya kichwani, kisu kikapitiliza kidogo, na shingo ikainamia kushoto. Akasita. Hivyo ndivyo Ogeto alivyokuwa akiinamisha kichwa alipotaka kumsikia, akimtegea sikio zima, kwa kuwa la pili lilikuwa bovu. Mama Kemunto akajikuta anamsimulia korongo habari za siku, huku akimsugua kwa majani ya msasa, na korongo akasikiliza. Jua lilipoinama, ilikuwa imebaki miguu tu. Akimchonga miguu, ataondoka. Asipomchonga, atasagwa.

Mzee Mogire akafika, anahema, fimbo mkononi.

“Mama Kemunto, mbona sioni miguu?”

“Iko chini yake, mzee wangu. Anaatamia.”

“Anaatamia nini?”

“Ndege huatamia nini, Mzee Mogire? Viazi?”

Mogire akakohoa, akainua fimbo ili aipenyeze chini ya ndege.

“Utamwinua ndege aliye juu ya mayai?” mama akauliza polepole. “Wewe, uliyeacha nusu ya shamba lako la wimbi bila kuvunwa kwa ajili ya kiota cha kware?”

Hilo lilikuwa kweli, na mwiko wa kumgusa ndege anayeatamia uliwekwa na wazee wenyewe. Mogire akaketi. Akamtazama korongo, akaitazama mikono ya yule mama, myeupe kwa unga. Kisha akatangaza, kwa sauti ya barazani, kwamba shauri limeahirishwa hadi ndege asimame mwenyewe.

Alfajiri umande ulishuka, ukatafuta nyayo, haukuziona. Ukatiririka mgongoni mwa korongo, ukamwacha aking'aa kwa rangi ya waridi. Akabaki pale pale, kichwa kimeinama, anasikiliza.

Kila mwezi ulipoandama, Mogire alirudi. “Bado?” “Bado, mzee wangu.” Akapewa uji, akanywa, akaenda. Mtu yule alikuwa amehesabu miguu ya ndege miaka mingi, na alijua vizuri kwamba mayai ya korongo hayapiti mwezi mmoja. Baadaye akawa anakuja bila fimbo.

Wachongaji wengine nao wakaanza kuwa na ndege wanaoatamia, na jiwe likazoea kulala.

Na tangu siku hiyo ndege wa kilima kile hukaa juu ya kibonge cha jiwe, hawana miguu, na mchongaji akimaliza kazi humwosha ndege wake kwa maji ili rangi itokee. Mgeni akiuliza, huambiwa kwamba jiwe ni laini, miguu myembamba ingevunjika. Ni maelezo mazuri, na wageni huridhika. Kikao cha Kwanza hakijafungwa.

Chini ya korongo yule hapakuwa na yai hata moja. Mama Kemunto hakutaka aondoke.