Mwamba wa Kizuiani na Wenyewe Watatu

Sogeeni karibu. Hadithi hii haitaki makofi, inataka jibu. Anayejijua kuwa ataondoka bila kujibu aondoke sasa hivi, atupishe nafasi.

Katika kijiji cha Kizuiani, kisiwani Pemba, walikuwapo watu watatu. Wa kwanza ni Mize binti Faki, mchokoaji pweza. Pale wewe unapoona jiwe, Mize anaona kilichojificha chini yake. Wa pili ni Shaame Kombo, mchoma chokaa, ambaye mikono yake ilijua kulishikanisha jiwe na jiwe jingine mpaka uape kwamba yalizaliwa pamoja. Wa tatu ni Raya, mtafiti wa bahari, mtoto wa Wete aliyesomea mbali akarudi. Kipaji chake kilikuwa subira. Alikuwa anaweza kukitazama kitu kimoja muda ambao mimi na nyinyi tungeshalala na kuamka.

Kizuiani wana mila yao. Kila mwamba wa baharini una mwenyewe, na mwenyewe huyo ni mtu mmoja. Yeye ndiye anayeufunga watu wasivue, na yeye ndiye anayeufungua: siku ya bamvua, maji yakishakupwa sana, hukanyaga wa kwanza, humchoma mkuki pweza wa kwanza, ndipo wengine wateremke. Zamani waliwahi kuwapo wenye mwamba wawili. Mmoja akafunga, mwenziwe akafungua, na mikuki ya pweza ikaishia kwenye mapaja ya watu. Tangu hapo ni mmoja tu, na wa mwisho alifariki bila kumtaja wa kumrithi.

Basi ukaja mwaka wa joto. Bahari ilichemka hasa, na matumbawe ya mwamba wa Kizuiani yakapauka yakawa meupe pe, kisha yakaota ukungu wa kijani. Samaki wakahama, pweza nao wakahama. Raya alipima, akapiga picha, akawaandikia wakubwa wake: mwamba huu umekufa.

Maneno hayo yalimfikia bwana mmoja wa kampuni ya mahoteli, aliyekuwa akitafuta pa kupitishia boti zake. Akaja barazani amevaa shati jeupe, akawaambia watu kwamba atauvunja mwamba. "Tunavunja mawe tu, jamani," alisema.

Mize akasimama. "Mawe kwa nani? Miye nimelelewa na mwamba huo, na wanangu nimewalea kwa mwamba huo. Ukija kuuvunja utanikuta juu yake."

Watu wakacheka, na bwana wa kampuni akacheka nao. Sheha, kiongozi wa kijiji, ambaye hapendi kelele, alipeleka shauri kwa wakubwa wa serikali, na wakubwa wakaamua hivi: patafanywa ukaguzi bamvua ya mwakani. Mwamba ukikutwa hai, na una mwenyewe wa kuusimamia kwa mila ya Kizuiani, usiguswe. Ukikosa kimojawapo, uvunjwe.

Sasa sikilizeni alichofanya kila mmoja.

Raya alikwenda kwenye mikoko, kwenye kidimbwi ambacho adhuhuri maji yake humfanya mtu aurudishe mguu. Ndani yake akakuta matumbawe ya rangi ya kahawia, mazima kabisa, yameketi katika joto hilo yasijali. Akayatazama kiangazi kizima, jua likimchubua shingo. Akatambua kwamba yale yamezoea joto tangu udogo wao, na kwamba vipande vyake vikipandwa mwambani vitastahimili. Wakubwa wake wakamwambia aliyoyaandika yameshaandikwa, anyamaze. Raya akaenda barazani, akasema mbele ya kila mtu, "Nilikosea, na sasa narekebisha. Anayetaka kunifukuza kazi anifukuze, lakini sinyamazi." Wakamfukuza kweli. Bila yeye pasingekuwa na mbegu.

Mbegu peke yake haitoshi. Vile vipande vilipowekwa mwambani, mawimbi yalivifagia kama makapi. Ndipo akaitwa Shaame. Naye, maskini ya Mungu, akaanza na kosa ambalo ni mchoma chokaa peke yake angeweza kulifanya: alivikosha vipande vyote kwa maji ya kisima. Maisha yake yote hakuwahi kutia tanuuni jiwe lenye chumvi, na aliona ni heshima kulisafisha jiwe kabla ya kazi. Maji yale yasiyo na chumvi yakaviua vyote. Raya alilia. Mize akashika kiuno.

"Ami Shaame! Umeosha maiti hawajafa bado!"

"Nimekosa," akasema Shaame. "Lakini mwamba huu nimeuvunja mawe ya kuchoma chokaa tangu ujana wangu. Kama yupo anayejua unavyoshikana, ni mimi. Leteni vingine." Kisha akalibomoa tanuu lake, lile lililomlisha yeye na baba yake, ili mawe yake yawe makao ya matumbawe mapya. Akachanganya chokaa na saruji mpaka akapata mchanganyiko unaogandia majini, akapachika kipande kimoja kimoja. Mawimbi yakaja na vipande havikutikisika. Bila yeye mbegu zote zingeliwa na mawimbi.

Matumbawe yakaanza kukua, na hapo wakaja walaji. Mnavijua viti vya pweza, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota? Hivi vilikuwa vile vya miiba, vyenye mikono mingi na sumu, vinavyotambaa juu ya matumbawe na kuyala vikaacha mifupa. Mchana hujificha mashimoni. Raya alivitafuta asivione, Shaame vilevile. Mize akauchukua mchokoo wake, fimbo ya kutolea pweza mashimoni, akawa anavitoa kimoja kimoja kila maji yanapokupwa, anavijaza kikapuni, anakwenda kuvifukia pwani, na wenziwe akawakataza kuvua humo mpaka ukaguzi upite. Mwiba ukamwingia, mkono wa kulia ukavimba mpaka kiwiko. Akaendelea kwa mkono wa kushoto.

Kampuni ikaona mambo yanageuka, ikaleta tishari lenye mashine ya kuchimbia kabla ya siku ya ukaguzi. Mize akaenda akaketi juu ya mwamba, maji kifuani.

"Bibi, ondoka!" mwendesha mashine akapiga kelele. "Maji yanajaa!"

"Nayaona. Niondoke niende wapi? Hapa ni kwetu. Kwenu wewe wapi?"

Yule kijana akaizima mashine. Aliligeuza tishari. Bila Mize pasingebaki kitu cha kukaguliwa.

Bamvua ya mwaka uliofuata ikafika, watu wakateremka wakasimama mchangani kando ya mwamba, na mkaguzi akaja, mama mmoja mkavu asiyetabasamu. Alivaa miwani ya kuzamia, akauzunguka mwamba wote, akawaona changu wadogo wakizunguka matawi mapya na pweza mmoja akimchungulia kutoka shimoni. Akainua kichwa. "Uko hai," alisema.

Vigelegele! Mize alipiga mpaka sauti ikakatika. Bwana wa kampuni akangoja watu watulie, kisha akauliza kwa upole, "Na mwenyewe ni nani?"

Hapo ndipo palipoharibika. Mmoja akamtaja Raya, mwingine akajibu, "Raya ndiye aliyeandika kwamba umekufa!" Akatajwa Shaame. "Aliyeviua vipande vya mwanzo?" Akatajwa Mize, na shoga yake Time akasema bila kumtazama, "Bi Mize alitukataza siye kuvua mwaka mzima, na mwenyewe akachoma pweza."

Uso wa Mize ukawaka. Ilikuwa kweli. Mwanawe Hadia alijifungua maziwa yakagoma kutoka, na Mize akamtafutia supu ya pweza kama mama yake alivyomtafutia yeye. Aliona haya mbele ya watu wote, lakini kichwa hakukiinamisha. "Nilichoma," alisema. "Mmoja. Na mjukuu wangu yuhai."

Sheha akawauliza watatu wale: ukipewa mwamba, utaufanyia nini?

"Nitaufunga na kuufungua kwa zamu," akasema Mize, "ili wanawake wa Kizuiani wale, na pweza wazae."

"Nitaufunga kabisa," akasema Raya, "asiguse mtu mpaka matumbawe yakomae. Bado ni machanga, bi Mize, unajua."

"Nitachukua vipande vyake," akasema Shaame, "nikapande kwenye miamba ya majirani zetu. Yao imekufa na hawana mtu."

Mize akawatazama wenziwe. Aliwapenda wote wawili. Kwa mara ya kwanza alitamani angalau mmoja wao angekuwa mtu mbaya, aweze kumpinga kwa moyo mmoja. Hakutaka kurudi nyuma, na aliona machoni mwao kwamba nao hawatarudi.

"Jina moja," mkaguzi akasema. "Mwamba ukifunikwa na maji kabla sijalisikia, nitaandika kwamba hauna mwenyewe."

Na maji yamewafika watu magotini, kilele tu cha mwamba ndicho hakijafunikwa. Bwana wa kampuni ameshakunja suruali yake, anatazama maji, anatabasamu. Sheha amenyanyua mkono, anangoja sauti ya watu.

Sauti hiyo ni yenu nyinyi mlioketi hapa. Msiniambie ni wa wote watatu, kwani mila imeshakataa na yule bwana anaomba mseme hivyohivyo. Msiniambie hamjui, maana mkinyamaza mnamjibia yeye. Aliyeleta mbegu, aliyeishikiza, au aliyeilinda: mwamba ni wa nani?

Semeni. Maji yanajaa.